Nusu Tone

Bureti zilikuwa nne, sisi arubaini na mmoja,
na iliyotufikia mimi na Mize ilikuwa na kifereji kinachovuja,
tone moja kila mtu akikohoa.
Mwalimu Sabiha alikipaka mafuta ya mgando, akakizungushia uzi.
"Kitafaa," akasema. "Ila msikiache kiwaze peke yake."

Maji safi ya maabara yaliisha tangu Rajabu.
Tulitumia ya mvua ya Wete,
tuliyoyakinga kwa ndoo chini ya mlizamu wa ofisi,
tukayachuja kwa kanga kuukuu
iliyokwisha toa rangi zake zote.

Mize alinyonya pipeti kwa mdomo, akapitiliza.
"Kama ndimu isiyo na harufu," akasema,
akatema dirishani, akaanza upya.
Mimi, mfupi, nilipanda juu ya tofali
ili jicho lilingane na tumbo la maji.

Mkono wa kulia unazungusha chupa, wa kushoto uko kwenye kifereji,
kama mtu anayepepeta mchele
huku akimfungulia mgeni mlango.
Pinki ikatokea, ikazunguka, ikapotea.
Ikatokea, ikachelewa, ikapotea,
kama mtoto aliyetumwa akasahau alilotumwa.
"Bado," akasema Mize.
"Bado," nikasema.

Ndipo jogoo wa mlinzi alipopanda kwenye dirisha lisilo kioo,
akatutazama kwa jicho moja kama msimamizi wa mtihani.
Mize akacheka, mkono wangu ukacheka naye,
matone matatu yakashuka pamoja.
Chupa yote ikawa choya ya futari.

Haba na haba hujaza kibaba, tumefundishwa tangu chuoni.
Hakuna aliyetwambia
kuwa ipo haba moja ya mwisho inayokiharibu.

Tulirudia. 24.30.
Tulirudia. 24.80.
Meza ya pili, Hija na wenziwe walikuwa nazo tatu:
24.50, 24.50, 24.50,
ndugu watatu waliokatiwa nguo jora moja kwa ajili ya Sikukuu.
"Chukueni," Hija akanong'ona. "Namba haina mwenyewe."
Mize alikuwa na safari ya Kojani, na jua lilikuwa linakwenda.
"Andika hamsini," akaniambia, "tukalale."

Usiku nilikaa na daftari, taa ya sola ikififia.
Kwenye ukurasa wa mwanzo kuna sheria kwa mwandiko wa mwalimu:
*Kosa likatwe kwa mstari mmoja tu, ili lisomeke.*
Niliandika hamsini.
Nikaikata kwa mstari mmoja.
Inasomeka mpaka leo.
Juu yake nikaandika themanini,
na pale panapotakiwa vyanzo vya makosa
nikaandika: kifereji, tofali linalocheza, jogoo.

Madaftari yalirudi Jumanne.
Hija tisa. Sisi sita.
Mize hakusema nami mpaka kengele ya mapumziko,
na hata baadaye alisema na kiatu changu.

Skuli ilipokwisha Mwalimu akatuita sote wawili.
Hakutaja namba ya mtu. Alifunga bureti kwenye chuma chake,
akaacha matone yaende, kisha yaende polepole,
kisha akakifunga kifereji tone likiwa bado limening'inia,
halijawa tone.
Akaligusisha kwenye shingo ya chupa,
akaliosha kwa maji ya mvua, likateremka.

"Hili ndilo nusu," akasema.

Chupa ilibadilika kidogo mno,
rangi ya ukucha ukiubana kisha ukiuachia.
Tukangoja, watatu, pumzi zimefungwa.
Ilizunguka, ikazunguka.
Haikupotea.

Mize akanisukuma juu ya tofali.
"Soma upesi," akasema,
"kifereji hakijaanza kuwaza."