Maji Yanayotembea

Mama mkwe wangu hafungui bomba bila sababu.
Kila chombo chenye mfuniko nyumbani mwetu kina maji:
masufuria, machupa ya achari, chupa za vodka za marehemu,
na bafu lenyewe, ambamo hakuna aliyeoga tangu niolewe.
Watu wa Yerevan wa rika lake ndivyo walivyo.
Waliishi miaka ya giza, maji yakija alfajiri, kitambo kidogo tu,
na aliyepitiwa na usingizi alikunywa aibu mchana kutwa.

"Bomba likitona," husema Siranush, "mahali fulani mtu analia."

Sasa, paka.
Anaitwa Mshush, kwa Kiarmenia ni ukungu:
kijivu, miaka kumi na mitatu, meno pungufu, kiburi kamili.
Julai hii jua limezikaanga kuta za mawe ya waridi,
bakuli lake la bluu limejaa asubuhi, jioni limejaa bado,
nzi ameogelea humo, amekufa humo,
na paka analipita kama mdaiwa apitavyo duka la mdai wake.

Nikambeba kikapuni mpaka kwa Daktari Gohar.
Akaivuta ngozi ya shingo, akaiachia:
ikasimama kidogo, kama hema lisilojua lianguke upande gani,
ndipo ikarudi. Akapitisha kidole kwenye fizi. Zinanata.
"Figo hazipigi kelele," alisema. "Zikija kusema, tumechelewa.
Babu zake huyu walitoka jangwani, kiu yao ni vivu;
maji yao waliyala ndani ya panya.
Basi naye mlishe maji. Chakula cha majimaji, si hizo kokoto.
Bakuli pana, sharubu zisiguse ukingo.
Liwe mbali na mchanga wake wa haja. Wewe ungenywea chooni?
Mchuzi wa kuku, sawa; chumvi, hapana;
kitunguu, hapana kabisa, hicho kwake ni sumu.
Na maji yanayotembea. Paka wengi hawayaamini yaliyolala."

Nilirudi na maneno yake yote, isipokuwa hilo la mwisho
nililimeza kwenye ngazi.
Nani angemwambia Siranush?

Nikapanga bakuli la kauri dirishani,
la kioo karibu na redio,
na sahani ya supu ya harusi yangu chini ya piano.
Nikachemsha mabawa ya kuku, nikapoza, nikachuja.
Mshush akalamba mchuzi, akanitazama, akaenda zake
kukaa ndani ya sinki, mdomo chini ya bomba kavu,
kama abiria wa basi lililofutwa na hakuna aliyemwambia.

Usiku wa tatu sauti iliniamsha.
Si mvua. Julai yetu haijui mvua.
Jikoni, gizani, mama mkwe amesimama na gauni la kulalia,
mkono juu ya koki, ameifungua unene wa uzi.
Kwenye uzi ule ulimi unafanya kazi: tla, tla, tla.
Chini ya ulimi kuna beseni, maana hata huruma ina hesabu zake;
yatakayobaki ni ya mirehani.

Hakugeuka.
"Usiwashe taa. Akishtuka ataacha."
Kisha, nilipodhani amenisahau:
"Wakati ule nilimwambia Vahagn anywe yeye.
Akasema ameshakunywa.
Nikamwamini. Nilikuwa na kiu."

Vigae vilikuwa baridi. Sikusogea.
Tla, tla. Paka alikunywa bila haraka,
kama mtu anayesoma barua ndefu.

Alipotosheka, Siranush akafunga koki, akaikaza, akaikaza tena,
akachota kikombe kwenye chupa ya achari, akaninyooshea.
"Na wewe pia. Midomo yako imekauka."

Yalinukia shibiti na mfuniko wa bati.
Niliyanywa yote.