Maji ya Saa Nane

Miaka kumi na mmoja nilikuwa nacho kitabu,
chenyewe hakikuwa na mwisho.
Kililala chini ya mto wa kochi, Spaki,
madaftari manne ya kurasa mia mbili,
na la tano limeandikwa mbele tu:
nyuma mna hesabu ya mchele, deni la gesi,
nambari ya fundi wa friji ambaye naye hakuja.

Wala si kwamba sikuwa na nia. Nia nilikuwa nayo tele,
naifua, naipiga pasi, naitundika.
Nilisema: Ramadhani ikipita.
Ikapita. Nikasema: shule zikifunguliwa.
Zikafunguliwa, zikafungwa, mwanangu Famau
akamaliza kidato cha nne, akaota ndevu,
na baba yangu, ukurasa wa themanini na sita,
bado yuko juu ya winchi namba saba, Kilindini,
ameinua shehena ya chuma, haishuki wala haipandi,
mkono kwenye wenzo, angoja nimpe mstari.

Kuna siku nilinunua kalamu Barabara ya Digo,
nikanunua na taa ya mezani, nikanunua na meza.
Nikafuta vumbi. Nikazipanga kalamu kwa rangi.
Nikachoka kama mtu aliyeandika.

Shebwana, aliyeniahidi kunisomea,
jicho lake kwa makosa kali kama sindano,
kila tukikutana Mwembe Tayari aliuliza:
"Kimefika wapi?"
"Kiko njiani."
"Njia gani hiyo, dada, isiyo na kituo?"
Tulicheka.
Mwezi wa Rajabu tukamzika.
Nilipita Mwembe Tayari, hakuna aliyeniuliza.

Usidhani nilianza usiku huo.
Nilipika. Nililala. Nilisema: arubaini ikipita.

Kilichoniamsha si msiba, ni mfereji.
Mtaani kwetu maji hutoka Jumanne na Ijumaa,
saa nane za usiku, yakichelewa saa tisa,
na aliyelala hununua ya mkokoteni.
Zamu ilikuwa ya Famau; Famau kapata kazi Mtwapa.
Basi nikaketi mimi, juu ya mbuzi ya nazi,
mpira ndani ya pipa, daftari juu ya goti,
si kwa ilhamu, kwa kutaka tu nisisinzie.

Mfereji hukohoa kwanza. Hutoa upepo, kisha kutu,
kisha uzi mwembamba, kisha.
Na mimi vivyo hivyo.
Pipa la kwanza: mistari mitatu, miwili mibovu.
Pipa la pili: upepo mtupu.
Ijumaa ile baba akapiga chafya juu ya winchi
na shehena, wallahi, ikasogea.

Ngoja ngoja yaumiza matumbo, huambiwa.
Mimi nilingoja maji, tumbo likapoa.

Bi Mwanamkuu, dirisha la juu, akamwambia mumewe:
"Yule yuwazungumza na ndoo."
Kweli. Ndoo ndiyo iliyosikia sura ya kumi na mbili.
Ukurasa mmoja ulilowa, wino ukatanda
kama wanja wa aliaye; nikaunakili, ukatoka bora.

Mapipa mia na arobaini na kitu.
Shehena ilitua gatini Jumanne, kabla ya adhana.
Baba akashuka ngazi, akapangusa mikono kwa tambara,
akaenda kunywa chai.
Sikuwa na la kuandika baada ya chai. Nikajua: basi.

Hapo woga ukavaa nguo mpya.
Nikisome tena. Nibadilishe jina. Jalada lingoje.
Miezi mitatu bahasha ilikaa juu ya kabati
ikitazamana na sinia la harusi,
hadi mzee Hatim wa matbaa ya Makupa aliponipigia:
"Mama, karatasi yapanda bei mwezi ujao."
Si sanaa iliyonisukuma. Ni bei.
Nikatupia buibui juu ya dera la jikoni, nikatoka.

Nakala mia mbili. Kosa moja, ukurasa wa kwanza kabisa:
Kilindini imekosa n.
Shebwana angeliliona kabla hajaketi.
Hatim yuwataka kubandika kijikaratasi.
Nimemwambia aliache.