Hatua Kumi na Mbili

Nimengoja Idi ipite.
Hilo, Bwana Suweid, liandike popote utakapoandika mengine:
sikukuacha na watu wamejaa mlangoni,
sikukuacha na wanga umeroweka.
Idi pili jioni nimeisugua sufuria kwa ndimu na majivu
mpaka shaba ikanionyesha uso wangu.
Nikaona nimechakaa kidogo. Nikaifudikiza.

Ufunguo huu.
Kikoi chako cha kazi hiki, kimefuliwa.
Daftari la madeni hili; ukurasa wa mwisho ni Bi Chumu wa Limbani,
usimsumbue, ana mgonjwa.
Nina kipi kingine chako?

Ukanitazama mkono.

Miaka kumi na tisa umenilipa kwa sufuria,
si kwa siku, si kwa mwezi.
Masika yakifunga barabara, halua hainunuliki,
narudi Bopwe mifuko inapigwa na upepo.
Wanasema mkono mtupu haulambwi.
Wangu haukuwa mtupu: ulinukia iliki mpaka kiwikoni,
watoto waliulamba,
wakalala na njaa.

Kisha ukaleta bango jipya, fundi kutoka Unguja, herufi za dhahabu:
HALUA YA SUWEID, MKONO ULE ULE TANGU BABU.
Mie ndiye niliyeshika ngazi fundi asianguke.
Nikasoma herufi moja moja, shingo ikauma.
Mkono upi, Bwana?
Babu yako Mungu amrehemu,
lakini amelala Kizimbani, hakorogi.

Mselem hakuniiba. Mtaani wanasema nimeibwa,
kama kuku.
Alinikuta msikitini baada ya alasiri,
akavaa viatu polepole ili nami nimalize kuvaa vyangu,
akasema: mshahara, kila mwisho wa mwezi,
mvua inyeshe isinyeshe.
Basi. Hakuulizia siri yako.
Siri gani? Wanga, sukari, samli,
zafarani ukiwa nazo, kungumanga ukiwa huna.
Vyote vinauzwa sokoni Wete mchana kweupe.
Siri ni pale mwiko unapokuwa mzito
kama mtu anayekataa kuamshwa,
na wewe ujue huu ni uzito wa kuiva
au wa kuungua.
Hilo sikulichukua kwako.
Wala sijui ningeliacha vipi, ningeliweka juu ya meza gani.

Bimize aliniambia usiku, "Pita njia ya nyuma."
Nikamwambia, nikipita nyuma ndipo nitakapokuwa mwizi.

Hatua kumi na mbili, mlango hadi mlango.
Nilizihesabu, na mtaa ukazihesabu pamoja nami.
Muuza kahawa aliacha kugonga vikombe.

Leo siku ya tatu.
Kwa Mselem kuna gesi, moto wa kugeuza kwa vidole viwili,
na sufuria nyepesi isiyonijua.
Mteja wa kwanza kaonja, kafumba macho,
akasema, "Hii si ya Suweid hii?"
Mselem akacheka.
Mie nikafuta mwiko ambao ulikuwa safi.

Saa nne nikausikia wako ng'ambo.
Unakoroga mwenyewe, kwa umri huo, na kifua hicho.
Mwiko ukigonga namna ile — du, du, kimya, du —
sukari inashika kitako.
Nikatoka mlangoni.
Ulikuwa umeinama, jasho linakudondoka puani,
ukainua uso, tukaonana.
Nikanyoosha mkono, kiganja chini,
nikaushusha taratibu:
punguza moto.

Hukuitikia. Uliinama tena.
Nikasimama pale nikingoja harufu ya kuungua.
Haikuja.

"Ulikuwa unampungia nani?" Mselem akauliza nyuma yangu.
"Inzi," nikasema,
nikarudi kukoroga.