Mwiko

Ilianza Isyonje, tukitoka Tukuyu,
kama nyuki mmoja ndani ya kopo.
Tulipofika Igawilo alishakuwa mzinga.
Ambakisye akaongeza redio.
"Lami hii," akasema, "imekwanguka."

Lakini hata penye lami mpya ikavuma,
ikipanda na mwendo, ikishuka na mwendo,
haijali gia wala klachi.
Kona ya kulia, gari likilalia kushoto, ikanguruma.
Kona ya kushoto, ikameza mate.
Nikahesabu kona mpaka Isanga.
Sikusema kitu.

"Tairi tu hizo," akasema jirani yetu Mwakalobo juu ya ua,
naye huwa na jibu kabla ya swali.
Ijumaa nikazihamisha, za mbele nyuma, za nyuma mbele.
Kelele haikuhama.
Kelele ina kwao.

Jumamosi, Juni, ukungu bado umeukalia mlima Loleza.
Matofali mawili nyuma ya magurudumu, gia huru,
jeki ikalia, tairi la kushoto likaning'inia.
Nikalishika juu na chini,
saa sita na saa kumi na mbili,
nikalitikisa kama jino la mtoto.
Halikucheza.
Jino nalo huanza kuuma kabla halijalegea.

Nikaweka vidole kwenye springi.
"Zungusha, Tusajigwe. Polepole."
Mtetemo ukaniingia mkononi,
mwembamba, paka mwenye mchanga kooni.

"Leta mwiko."
"Wa ugali?"
"Wa ugali."

Bapa sikioni, ncha ya mpini kwenye chuma
nyuma ya haabu, pale beringi inapolala.
Kwaru. Kwaru. Kwaru.
Mahindi makavu juu ya jiwe.
Nikahamia kulia, jeki tena, mwiko tena:
huko, kimya kinene cha grisi.
Nikarudi kushoto ili nisijidanganye.
Kwaru.

Ambakisye akatoka na kikombe cha chai,
shati la kazini, viatu vimeng'aa.
Sikumweleza. Nikampa mwiko.
Akachuchumaa, akafumba macho,
mtoto akazungusha.
Alisikiliza muda mrefu kuliko ilivyohitajika,
chai ikapoa juu ya boneti.

"Tangu lini?"
"Tangu Isyonje."
Akautazama mpini.
"Mimi tangu Kiwira," akasema.

Nikausugua mwiko kwa majivu, kwa sabuni, kwa mchanga.
Ule weusi haukutoka.
Mchana tulikula ndizi.