Safu ya Nne

Safu nne: namba, jina, cheo, mkubwa wake.
Mistari mia moja arubaini na mitatu.
"Ijumaa," alisema Nazlin, "nataka chati ukutani,
kila mtu ndani ya kisanduku chake,
kila kisanduku na uzi wake wa kwenda juu."
Nje, Shimanzi yote yanuka chai
inayosubiri mnada, na vumbi lake
limeketi juu ya vitufe vyangu
kama mgeni asiye na haraka.

Nikaanza na kufagia.
Kuna Chengo, kuna Chengo K.,
kuna Chengo mwenye pengo mbele ya jina,
pengo moja tu, jicho halilioni,
na kompyuta ikaapa kwamba hawa ni watu watatu.
Nikapiga simu godauni namba nne.
"Chengo, huko mko wangapi?"
"Leo tarehe ngapi?"
"Ishirini na sita."
"Basi hatutimii hata mmoja."

Kisha Athman wa malori akaripoti kwa Swabra wa hesabu,
na Swabra wa hesabu akaripoti kwa Athman.
Mashine ikazunguka, ikazunguka, ikagoma.
Kumbe walikuwa mke na mume,
na aliyejaza fomu zamani zile
alidhani ndiyo maana ya safu ya nne.
Nikakata uzi mmoja.
Sikumwuliza yeyote ni upi.

Lakini kumi na mmoja wa mizani
wote waliandikiwa mkubwa mmoja: Shekuwe Mbwana.
Shekuwe tulimzika Kikowani, Ramadhani ya mwaka juzi.
Mshahara wake ulisimama mwezi uleule;
jina lake hakuna aliyekumbuka kulisimamisha.
Nikaufuta mstari wake.
Visanduku kumi na kimoja vikaporomoka hadi chini ya ukurasa,
vikakaa hapo, havina uzi,
kama abiria walioachwa gatini na feri ishang'oa.

Nikateremka ngazi na kalamu yangu.
"Jamani, mwaripoti kwa nani?"
Wakatazamana.
Mbodze akafuta mikono kwenye leso,
akanionyesha msumari ukutani, na kwenye msumari, daftari:
jalada limekwisha, kamba ya katani,
wino wa buluu unaolalia kushoto.
"Gunia likileta ubishi twamfungua yeye,
tuone aliamuaje.
Jana tumemfungua mara mbili."

Nikapanda tena. Nikafuta kufuta kwangu.
Kisanduku kikarudi mahali pake, na kumi na mmoja wakainuka,
kila mmoja akadaka uzi wake.
Jina nikaliacha tupu.
Hilo tu ndilo nililoweza kuificha ofisi.

Ijumaa Nazlin akasimama mbele ya ukuta,
kidole kikashuka taratibu, tawi kwa tawi,
kikatua pale.
"Hapa hapana mtu?"
"Hapana."
"Na kazi yaenda?"
"Yaenda."
Akanyamaza kidogo. Feni ikapepesa pembe za karatasi.
"Itangazwe," akasema, akaenda kuswali.

Sasa naandika tangazo.
Elimu nimeiacha nyuma, uzoefu nimeuweka wa pili.
Sifa ya kwanza ya mwombaji:
awe na mwandiko unaosomeka.