Kibandiko

Jumatano, soko la wanawake, Ibra,
saa mbili asubuhi na jua limeshatukalia begani.
Nina chupa ishirini na tatu za pilipili ya kusaga
na vibandiko vya manispaa:
Jina. Uzito. Bei. Asili.
Tatu nimejaza. Ya nne, kalamu imegoma.

Kama huijui: ni fupi, yatosha kifundo cha kidole,
imekunjamana kama iliyoamshwa usingizini.
Inanukia pera bivu, na hapo ndipo unapodanganyika.
Mtaani kwetu wanaiita filfili Zinjibari.
Bibi yangu, Ghaniya binti Mhanna, aliiita pilipili, basi,
kama mwenye mwana mmoja anavyoita: mtoto!

Hakuibeba kwa makusudi. Hilo nataka lijulikane,
maana binamu zangu wanapamba,
ati mbegu alizishonea kwenye upindo wa kanga.
Urongo. Alibeba kinu.
Kinu kidogo cha mfenesi, kimepasuka ubavuni,
na siku ile ya kutoka Wete
nani alikuwa na nafasi ya kuosha kinu?

Kilioshwa huku, mwaka wa pili, kando ya falaji.
Maji yakachukua yaliyochukua,
na mche ukachomoza chini ya mtende wa jirani,
kwenye zamu ya maji isiyo yetu.

Kesi ikafika kwa wakili wa falaji.
Sulayyim akasema: ardhi yangu, maji yangu, mti wangu.
Akachuma moja, akaitafuna mbele ya watu
ili waione milki yake.
Wanasema alikunywa zamu nzima.
Jioni mwanawe akauleta mche na udongo wake ndani ya karai,
akautua mlangoni, bila salamu.
Pilipili usiyoila yakuwashiani?
Yeye aliila. Alikuwa na haki ya kuwashwa.

Sasa hiyo asili.
Niandike Wete? Bwana shamba wa wilaya, kijana wa miwani,
kaniambia Wete nako ilifika tu,
imeshushwa na Mreno
kutoka ng'ambo ya bahari nyingine kabisa,
kwa watu waliokuwa na jina lake,
jina ambalo hakuna aliyejali kulipakia.
Shofiqul, anayetupalilia, aliionja akalia kwa furaha:
Dada, hii ya kwetu, Sylhet! Nani kaileta?
Simkatalii. Kila mwezi anapeleka kwao riali arobaini,
acha naye apokee kitu.

Kule kwa bibi, ile nyeusi ya pilau ni pilipili manga,
na Manga ndiyo huku, kwenye majabali haya,
ambako haijaota hata siku moja.
Huku nako, hii nyekundu ni ya Zinjibari.
Kila pwani inamsingizia mwenziwe moto wake.
Na bibi vivyo hivyo:
Wete alikuwa Mmanga, mtoto wa duka la Mmanga,
akashuka Maskati akawa Mzinjibari
kabla hajavua viatu.
Alikuwa akilisimulia hili huku akicheka mpaka akohoe.
Mara moja nilimkuta jikoni, macho yamejaa.
Nikauliza. Akasema, ni pilipili.
Chunguni mlikuwa na maziwa ya mtoto.

Mama mmoja anasimama, pete tatu, kikapu kitupu.
Hasomi kibandiko. Inawasha? anauliza, kwa Kiarabu.
Namchotea kwenye ncha ya kijiti.
Ananyamaza. Paji la uso linalowa.
Anashika ukingo wa meza yangu,
anatoa noti ya riali mbili,
na ulimi ukiwa bado nje kidogo,
kwa Kiswahili ambacho dakika moja nyuma
hakikuwemo usoni mwake kabisa:

Mwanangu, nyinyi wa wapi?

Namhesabia chenji yake, baisa mia tano,
polepole,
moja moja.