Kitufe cha Saba

Braunschweig, Desemba. Irmtraud kafungua zawadi:
kompyuta ya ujana wake
imerudi ndogo kama mche wa sabuni,
rangi ileile ya chai iliyopoa.

Kiwandani ndiye aliyepachika vile vinne vya kulia,
vinene, vimejitenga na herufi,
kila kimoja na kazi yake.
Mia tatu kwa zamu. Kucha zilimeguka.

Sasa anabonyeza cha saba.

Hakizami.

Anabonyeza tena, kwa gumba.

"Hivyo ni pambo, Bibi," Thorben anacheka,
"tumia kile kijiti."

Irmtraud hajibu. Kidole kimeganda palepale,
kama mtu aliyepiga hodi
kwenye nyumba aliyoijenga mwenyewe,
akagundua mlango
umechorwa tu ukutani.